Nani Hakufikiwa? Kichocho, Dawa na Haki ya Mgawo katika Mwambao wa Ziwa Victoria

Soko la samaki la Mwaloni, lililoko Kirumba katika wilaya ya Ilemela mkoani Mwanza, huamka kabla ya jua kuchomoza. Maboti kutoka Ukerewe, Kome na visiwa vingine hutia nanga yakiwa na magunia ya dagaa wakavu. Wachukuzi huingia majini hadi magotini kuyapokea. Wafanyabiashara, wengine wao kutoka Kongo, Rwanda na Burundi, husubiri nchi kavu wakipatana bei. Akina mama huosha vyombo, na watoto wao wadogo huchezea maji ukingoni. Wavuvi wakishauza hulala mchana, na jioni huondoka kuelekea kambi nyingine. Ukilifungua daftari la wakazi wa mtaa wowote wa jirani, wengi wa watu hawa hutawakuta.

Ziwa linalowapa riziki watu hao ndilo pia linalowaambukiza kichocho. Ugonjwa huu una dawa nzuri, isiyo ghali, ambayo mamilioni ya watoto wa Tanzania wameipata shuleni bila malipo. Hata hivyo, baada ya miaka zaidi ya ishirini ya kugawa dawa, bado kuna vijiji vya mwambao ambamo maambukizo hayapungui kama ilivyotarajiwa. Sehemu ya sababu ni mnyoo wenyewe na konokono anayeulea. Sehemu nyingine haionekani kwa hadubini, kwa kuwa imo katika namna dawa inavyogawiwa, saa ya kugawa, mahali pa kugawia, na watu wanaohesabiwa kuwa ndio wa kugawiwa. Elimu inayochunguza mambo ya aina hiyo huitwa sayansi ya utekelezaji. Kazi yake huanzia pale maabara inapomalizia: tiba imekwisha kuthibitishwa kuwa inafaa, sasa yafaa ijulikane ni kwa njia gani itamfikia anayeihitaji.

Safari ya mnyoo

Kandokando ya Ziwa Victoria kichocho kilicho cha kawaida ni kile cha tumbo, kiletwacho na mnyoo uitwao Schistosoma mansoni. Kichocho cha kibofu huletwa na mnyoo mwingine, Schistosoma haematobium, na katika Usukuma huonekana zaidi mbali na ziwa, penye malambo na madimbwi.

Mayai ya mnyoo wa tumbo hutoka mwilini pamoja na kinyesi. Yakiingia majini huanguliwa na kutoa kijidudu kiitwacho mirasidia, ambacho kina saa chache tu za kumpata konokono wa jamii ya Biomphalaria. Ndani ya konokono kijidudu hicho kimoja huongezeka bila kupandana, hata baada ya wiki kadhaa konokono huanza kutoa vijidudu vyenye mkia, viitwavyo serkaria, kwa maelfu. Navyo hutoka kwa wingi mchana kwenye mwanga, yaani wakati uleule ambapo watu wengi wamo majini wakifua, wakioga na kuchota. Serkaria hupenya ngozi isiyo na jeraha lolote, hupoteza mkia wake, husafiri katika damu na kukomaa. Mwishowe dume na jike hukaa pamoja katika mishipa ya damu ya utumbo kwa miaka kadhaa, na jike hutaga mayai kwa mamia kila siku.

Mayai yanayoshindwa kutoka nje ndiyo yaletayo madhara makubwa. Hukwama katika ini. Mwili hujenga makovu kuyazunguka. Damu hukosa njia. Wengu huvimba na mishipa ya umio hutanuka hata ikaweza kupasuka, mgonjwa akatapika damu. Hayo huja baada ya miaka mingi. Kwa mtoto ugonjwa huwa wa kimyakimya: upungufu wa damu, kudumaa, uchovu darasani ambao mwalimu huenda akaudhania kuwa ni uvivu.

Prazikwanteli, dawa iliyogunduliwa katika miaka ya 1970, huua minyoo iliyokomaa. Michanga haiiui ipasavyo, wala haimkingi aliyeimeza asiambukizwe tena wiki inayofuata. Kwa hiyo mtu mmoja asiyetibiwa, ambaye hana choo na hujisaidia karibu na maji, huendelea kuwapatia konokono mbegu ya ugonjwa, na konokono huwarudishia majirani waliotibiwa.

Fimbo ya kupimia dawa

Uchunguzi wa kichocho katika Usukuma una historia ndefu. Watafiti wa tiba wa Afrika Mashariki walikuwa na kituo Malya mwishoni mwa miaka ya 1940, na baadaye Mwanza mjini. Katika miaka ya 1960 malambo ya Misungwi yalikuwa miongoni mwa mahali walipojaribu njia za kuwaua konokono kwa kemikali. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu ilipoundwa kwa sheria ya mwaka 1979, kazi ya Mwanza iliendelea chini yake. Maswali ya miaka ile yalihusu konokono na mnyoo, yaani ni kitu gani kitakachowaua. Prazikwanteli ilipopatikana kwa bei nafuu, swali likageuka kuwa la ugawaji.

Mwaka 2001 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani uliazimia kwamba angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio katika hatari watibiwe mara kwa mara ifikapo mwaka 2010. Tanzania ilikuwa mojawapo ya nchi za mwanzo za Afrika kuanza mpango wa kitaifa wa ugawaji, kuanzia mwaka 2003. Shule ilichaguliwa kuwa mahali pa kugawia kwa sababu zilizo wazi: watoto wamo pamoja, walimu wanaaminiwa, majina yameandikwa, na umri huo ndio wenye minyoo mingi.

Tatizo lilikuwa kipimo. Dawa hutolewa kwa uzito, miligramu 40 kwa kila kilo, na shule nyingi hazina mizani. Wataalamu walipata ufumbuzi mzuri sana: fimbo. Kwa kuwa urefu na uzito wa watoto hukua pamoja, mwalimu anaweza kumsimamisha mtoto kando ya fimbo yenye alama na kusoma papo hapo idadi ya vidonge vya miligramu 600. Mtoto wa sentimita 94 hadi 109 hupata kidonge kimoja. Wa 110 hadi 124, kimoja na nusu. Wa 125 hadi 137, viwili. Na kadhalika hadi mtu mzima wa sentimita 160 hadi 177, ambaye hupata vinne. Hesabu ya famasia imegeuzwa kuwa kazi ya dakika moja. Ni vigumu kupata mfano bora zaidi wa sayansi iliyorahisishwa bila kuharibiwa.

Lakini fimbo inaanzia sentimita 94. Chini ya hapo hakuna alama. Mtoto wa miaka miwili au mitatu akisimama kando yake, fimbo haina la kumwambia.

Pengo hilo halikutokana na ubaya wa mtu yeyote. Vidonge vilikuwa vikubwa na vichungu, havikuwa vimejaribiwa vya kutosha kwa watoto wachanga, na wengi walidhani kwamba mtoto asiyeweza kwenda ziwani mwenyewe hawezi kuambukizwa. Mama yeyote wa mwaloni angeweza kuwaeleza vinginevyo. Mtoto hubebwa mgongoni hadi majini, huogeshwa kwa maji ya ziwa, au huketishwa ukingoni mama akifua. Uchunguzi uliofanywa nchini Uganda katika miaka ya 2000, kwenye mwambao wa Ziwa Victoria na wa Ziwa Albert, ulionyesha kwamba watoto wasiofika umri wa shule, hata wachanga, walikuwa na mayai ya kichocho. Mtoto wa aina hiyo hungoja miaka kadhaa akiwa na minyoo mpaka atakaporefuka kiasi cha kuonekana na fimbo.

Mgawo sawa na mgawo wa haki

Katika mazungumzo ya kila siku maneno usawa na haki hutumiwa kama ndugu wa tumbo moja. Katika afya ya jamii yafaa yatenganishwe. Mgawo sawa ni kila mtu kupewa kitu kilekile. Mgawo wa haki ni kila mtu kupewa kile kitakachomwezesha kufikia hali njema ileile, jambo ambalo mara nyingi hudai aliye mbali afuatwe, na aliye na mzigo mkubwa aongezewe nguvu.

Mwaka 1971 daktari mmoja wa Wales, Julian Tudor Hart, alieleza katika jarida la Lancet kwamba huduma nzuri ya tiba huelekea kupatikana kinyume cha mahitaji: penye wagonjwa wengi ndipo inapokuwa haba. Mwaka 2000 Cesar Victora wa Brazil na wenzake waliendeleza hoja hiyo. Walionyesha kuwa jambo jipya la afya likiletwa, wenye nafuu hulipata kwanza, hivyo tofauti kati yao na maskini huongezeka kwa muda kabla ya kupungua. Huenda mtu akasema kwamba katika vijiji vyetu wote ni maskini, kwa hiyo kanuni hizo hazituhusu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watoto wa vijijini kusini mwa Tanzania ulikuta kwamba hata humo, ambamo kwa mgeni kila kaya ingeonekana fukara, walio fukara zaidi waliwapeleka watoto wao kwenye tiba kwa uchache zaidi.

Wasomaji wengi wanaikumbuka Hati Punguzo. Kuanzia mwaka 2004 mama mjamzito aliyehudhuria kliniki alipewa hati ya kumpunguzia bei ya chandarua dukani, naye akalipa kiasi kilichobaki. Hati ilikuwa moja kwa wote, lakini kiasi kile cha kujazia hakikuwa na uzito mmoja katika kila mkono, na vyandarua vilielekea zaidi kwenye kaya zenye uwezo. Mwaka 2009 malipo ya mama yaliwekwa kuwa shilingi 500 tu. Kisha vyandarua vikagawiwa bure, kwanza kwa watoto wa chini ya miaka mitano na baadaye kwa kaya zote, hadi mwaka 2011. Pengo kati ya kaya maskini na zenye nafuu likapungua sana. Chandarua hakikubadilika, kilichobadilika ni njia ya kukifikisha.

Wastani unavyoficha

Hapa mwalimu wa hesabu anaweza kusaidia. Chukua mfano wa kubuni wa mwalo wenye watu 1,000: wanafunzi 350, watoto wasiofika umri wa shule 150, na watu wazima 500. Siku ya kugawa dawa wanafunzi 315 wanameza. Taarifa itaandika kwamba asilimia 90 wamefikiwa, na ni kweli, maana 315 ni asilimia 90 ya 350. Lakini kwa mwalo mzima waliotibiwa ni asilimia 31.5 tu. Mwaka wa pili watu wazima 300 nao wakapewa, na jumla ikawa 615 kati ya 1,000, yaani asilimia 61.5. Maendeleo ni makubwa. Hata hivyo watoto wadogo 150 bado wako kwenye sifuri, na sifuri hiyo haionekani popote katika taarifa isipokuwa mtu aamue kuiandika katika safu yake.

Mtafiti wa utekelezaji anayejali haki huanza kwa kuidai safu hiyo. Huuliza ni nani hasa waliomo katika watu wazima 200 waliobaki. Je, wametawanyika tu, au ni watu wa aina moja? Mara nyingi ni watu wa aina moja, na kila aina ina sababu yake.

Mfano mmoja ni mvuvi wa dagaa. Dagaa wa Ziwa Victoria huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haziwavuti samaki, hivyo mitumbwi hupumzika. Mgawa dawa akifika kambini mchana wa siku za giza atawakuta wavuvi wamelala au wamehamia mwalo mwingine. Akifika katika siku za mwezi mpevu, huenda akawakuta wakishona nyavu. Ratiba ya wizara hufuata mwaka wa fedha. Ya mvuvi hufuata mwezi. Kubadilisha tarehe ya kugawa hakuhitaji kidonge kimoja cha ziada.

Wajawazito na wanaonyonyesha nao waliachwa nje kwa miaka mingi kwa tahadhari ya dawa. Mwaka 2002 wataalamu waliokutanishwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza watibiwe, kwa kuwa madhara ya kuwaacha yalikuwa makubwa kuliko hofu yenyewe. Watoto wasiosoma shule, ambao aghalabu ndio washindao ziwani, hawamo katika daftari la mwalimu. Na mchukuzi wa Mwaloni, aliyetoka wilaya nyingine na kulala palipo na nafasi, hana mjumbe wa kumwita. Kwa watu wa namna hiyo ofisa ustawi wa jamii na mhudumu wa afya ya jamii huweza kuwa na manufaa kuliko daktari, maana kazi yao ni kuzijua nyumba na wasio na nyumba.

Mandazi ya Jinja

Prazikwanteli yafaa imezwe baada ya kula. Tumbo likiwa tupu, kizunguzungu, maumivu na kutapika huzidi. Na mwenye minyoo mingi huumwa zaidi kuliko mwenye michache. Hivyo mtoto maskini, aliyekuja shuleni bila chakula na mwenye mzigo mkubwa wa minyoo, ndiye atakayeteseka siku hiyo, na ndiye atakayetoroka mwaka ujao.

Watafiti nchini Uganda waliijaribu hoja hiyo katika wilaya ya Jinja, mahali Mto Naili unapotoka ziwani. Shule 12 za msingi ziligawanywa kwa bahati nasibu. Zote zilipata elimu ya kichocho na dawa ileile, lakini katika nusu yake watoto walipewa kwanza maji ya maembe na mandazi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kwamba penye mandazi karibu asilimia 94 ya watoto walimeza dawa. Pasipo mandazi, karibu asilimia 79. Katika orodha ya uvumbuzi wa tiba andazi halina nafasi, lakini hapa lilifanya kazi ambayo kidonge peke yake hakikuiweza.

Penye ukosefu wa maelezo mambo huweza kuharibika zaidi. Mwaka 2008 mkoani Morogoro zilivuma habari kwamba watoto wamekufa baada ya kumeza dawa shuleni. Wazazi walikimbilia shuleni kuwazuia watoto wao, ghasia zikazuka, na ugawaji ukasimamishwa. Ingekuwa rahisi kuyaita hayo ujinga. Yafaa ikumbukwe kwamba mzazi asiyeelezwa mapema juu ya kizunguzungu na kutapika, kisha akasikia mtoto wake anatapika, hana njia ya kuutofautisha uvumi na ukweli.

Vijiji vilivyobaki vigumu

Katika miaka ya 2010 mkoa wa Mwanza ulikuwa uwanja wa mojawapo ya majaribio makubwa ya ugawaji wa dawa hii. Vijiji 150 viligawanywa katika makundi: vingine vilipata dawa shuleni tu, vingine jamii nzima, vingine kila mwaka, vingine kwa kuruka mwaka. Jaribio kama hilo lilifanywa pia magharibi ya Kenya. Maambukizo yalipungua katika makundi yote, na tofauti kati ya njia moja na nyingine ikawa ndogo kuliko wengi walivyotarajia. Lililowashangaza watafiti zaidi ni vijiji ambavyo vilipata dawa kama jirani zao, lakini ugonjwa ukabaki palepale.

Matokeo hayo yanahitaji kusomwa kwa uangalifu. Kipimo kikuu kilikuwa kwa wanafunzi wa miaka 9 hadi 12; kwa hiyo faida au hasara ya watu wazima na watoto wadogo haikuonekana kikamilifu katika kipimo hicho. Tena dawa haizuii maambukizo mapya. Penye maji salama mbali na kaya, na vyoo vichache, kidonge hufanya kazi ya kuteka maji kwa pakacha. Vilima vya Mwanza vinatoa mfano mwepesi wa kueleweka. Agizo la kila kaya kuchimba choo ni moja kwa wote. Lakini aliyejenga juu ya mwamba wa matale hawezi kuchimba kama aliyejenga bondeni penye udongo. Katika baadhi ya makazi hayo mamlaka ya maji ya jiji ililaza mabomba membamba ya majitaka yanayopita juu ya mawe, yakiunganisha nyumba na nyumba. Huo ni mgawo wa haki uliofanywa na mafundi bomba.

Kikombe kidogo

Mwezi Februari 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya: penye maambukizo ya asilimia 10 au zaidi, dawa itolewe kila mwaka kwa watu wote kuanzia umri wa miaka miwili, wakiwamo watu wazima. Wakati huo muungano wa watafiti ulioanzishwa mwaka 2012 ulikuwa ukitengeneza kidonge cha watoto wadogo, kiitwacho aprazikwanteli, cha miligramu 150, kisicho kichungu sana, kinachoyeyuka katika maji. Kilijaribiwa kwa watoto wa miezi mitatu hadi miaka sita nchini Ivory Coast na nchini Kenya, huko Homa Bay katika mwambao wa ziwa hilihili. Wakala wa dawa wa Ulaya ulikiunga mkono mwezi Desemba 2023, na mwaka 2025 watoto wa kwanza walikipata nchini Uganda katika ugawaji wa majaribio.

Kwa hiyo kisingizio cha kidonge kikubwa kimeondoka. Maswali yanayobaki ni ya utekelezaji. Mtoto mdogo hapimwi kwa fimbo; hupimwa kwa mizani, na mizani iko kliniki, na siku ya kliniki asubuhi ndiyo saa ambayo mama wa Mwaloni anapokea dagaa. Je, dawa itolewe kliniki, nyumba kwa nyumba, au pamoja na kampeni ya chanjo? Kidonge huyeyushwa katika maji: maji hayo yatatoka wapi mahali ambapo maji ndiyo yenye ugonjwa? Majibu ya Homa Bay huenda yasiwe ya Ukerewe, wala ya Ukerewe yasiwe ya Kirumba.

Shule zilizo karibu na ziwa zinaweza kulianza jambo hili bila maabara. Mwanafunzi achore mstari ukutani nyumbani kwao, sentimita 94 kutoka sakafuni. Awapime wadogo zake na watoto wa jirani, kwa ruhusa ya wazazi, kisha aandike safu mbili: waliopita mstari na waliokuwa chini yake. Katika safu ya pili aongeze kwa kila mtoto, bila kuandika jina, kama huogeshwa kwa maji ya ziwa, ya bomba au ya kisima. Darasa lijumlishe safu hizo.